Maji ya Shimo la Salamabila

Aziza mwanangu,

Umetoka kwenda kusukwa kwa Mama Zaina, na najua hamtamaliza mapema, maana huko mnasuka kidogo na kucheka sana. Nimeona nitumie nafasi hii. Kesho asubuhi motari akifika na pikipiki yake nitakuwa nafunga mizigo, nitakuwa nakugombeza juu ya sweta na chupa ya mafuta ya mawese, na lile nililotaka kukuambia litabaki kooni. Mambo ya kufua na ya sabuni unayajua. Ya barabara baba yako amekuambia hadi umechoka. Mimi nataka kukusimulia jambo moja tu, la mwaka ule baba yako alipougua.

Utaniambia unalijua. Unajua kwamba aliugua, tukampeleka Kasongo, akapona, na tangu hapo hakurudi tena kwenye dhahabu. Ulikuwa hapa Kabambare kwa bibi yako, bado mdogo, na tulikubaliana kukupa kipande hicho tu. Lakini sasa unaenda kuishi Kasongo kwa shangazi yako Mwajuma, na unaenda kusomea uuguzi. Katika uwanja wa shangazi wanapita watu wengi. Iko siku mmoja wao atakutazama aseme, "Ndiyo huyu mutoto wa ule mama?" Sitaki uisikie habari hii kuanzia katikati. Isikie tangu mwanzo, na uisikie kwangu.

Wakati ule tulikuwa Salamabila. Baba yako alikuwa anachimba na rafiki yake Shabani, mtu wa Lusangi, mrefu, mwenye sauti kama anaimba hata akikuomba chumvi. Mimi nilikuwa na kibanda cha chakula karibu na mashimo: wali, sombe ya majani ya muhogo, maharagwe, siku nyingine makayabu, wale samaki wa chumvi. Wachimbaji walikula kwangu asubuhi kabla ya kushuka, na jioni wakitoka. Nilijua nani hapendi pilipili, na nani anaficha nyama chini ya wali ili aile mwisho. Niliipenda kazi ile, Aziza. Sikuwahi kukuambia hivyo kwa sababu kila nikiitaja lazima nifike kwenye namna ilivyoisha.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Shimo lao lilijaa maji, wakaenda kwa mzee Kalonda mwenye motopompi ya kuvuta maji, naye akaja na mashine yake, akawa anashuka mwenyewe kulishika bomba. Mashine ilivuta mchana kutwa lakini maji hayakuisha. Walichimba yakiwa magotini, siku nyingine kiunoni, maji mazito yenye rangi ya chai ya maziwa. Na panya walikuwa wengi kupita kiasi. Walikaa kati ya miti iliyoshikilia kuta za shimo, walitoboa magunia yangu ya mchele, nikawa nawafukuza kwa mwiko. Hakuna aliyewaogopa. Baba yako alikuwa amejikata kwa sepetu kwenye muundi. Alifunga kidonda kitambaa, akashuka tena majini.

Shabani ndiye aliyeanza. Homa ilimpiga ghafla akiwa kazini, akapanda juu anatetemeka, anasema kichwa kinapasuka. Alinunua dawa za malaria dukani, akalala. Baada ya siku chache alijisikia vizuri, akaja kwangu kuomba uji, akaniimbia kidogo. Nilifikiri yameisha. Halafu homa ikarudi. Macho yakawa ya manjano kama ndani ya papai, mkojo ukakatika, damu ikamtoka puani. Kaka zake walikuwa bado wanatafuta moto, pikipiki yoyote ya kumpeleka hospitali, alipokata roho.

Mtu mwenye nguvu akifa namna hiyo, huku kwetu watu hawasemi ni ugonjwa. Wanauliza alikula wapi. Na Shabani alikula wapi? Kwangu. Kesho yake nilipika kama kawaida, na wali ukabaki kwenye sufuria. Wateja wangu walipita mbele ya kibanda wakiangalia miguu yao. Mmoja tu, niliyemjua sana, alinisalimia, tena kwa sauti ya chini kama ananipa pole.

Kabla ya juma kwisha, baba yako naye alipanda kutoka shimoni anatetemeka.

Nilimpeleka kituo cha afya. Muganga pale alikuwa peke yake na watu wamejaa hadi nje. Alimchoma kidole, kipimo kikaonyesha malaria, akampa dawa ya malaria. Usimfikirie vibaya. Kipimo hakikusema uongo, malaria ilikuwemo. Nani kati yetu hana malaria damuni wakati wa mvua? Aliniuliza, "Iko na homa?" Nikasema ndiyo. "Anatapika?" Nikasema ndiyo. Nilijibu nilichoulizwa. Sikumwambia habari za maji wala za Shabani. Sikujua kama ni habari za kumwambia muganga.

Homa ilishuka kidogo, kisha ikarudi na nguvu. Macho ya baba yako yalikuwa mekundu kabisa, kama mtu aliyelala kwenye moshi, lakini hayakuwa na matongo. Akishika miguu analia. Mwanaume yule, Aziza, ambaye aliwahi kubeba gunia la mchele kutoka mtoni bila kupumzika, hakuweza kusimama kwa ajili ya maumivu ya mashavu ya miguu. Halafu siku moja nikamwona kwenye mwanga wa mlango, na ule wekundu ulikuwa na manjano chini yake.

Nilimpigia simu shangazi yako. Akasema neno moja tu: "Mulete." Nilimfunga kwenye mgongo wa motari kwa kitenge, mimi nikakaa nyuma yake kumkinga asianguke. Safari ile sitakusimulia yote. Tuliomba maji kwa watu njiani, wengine walitupa, wengine walipoona macho yake walifunga mlango.

Kasongo, shangazi alitupokea kwenye lango la hospitali. Alimkumbatia kaka yake, akalia, akampeleka ndani. Mimi nilipomfuata na kikombe, aligeuka akakichukua mkononi mwangu.

"Wewe kaa mbali na kikombe."

"Wifi, ni maji tu."

"Na Shabani ulimupa nini? Si ilikuwa uji tu?"

Habari zilikuwa zimefika Kasongo kabla yetu. Niliambiwa pia kwamba kaka zake Shabani wamevunja kibanda changu na kuchoma mbao zake, na kwamba nikirudi Salamabila nitachomwa kama zile mbao. Nikakaa mlangoni mwa chumba cha wagonjwa. Sikutoka, sikuingia. Kila aliyepita aliniruka kama kizingiti. Ndani niliwasikia ndugu wa baba yako wakijadili kumtoa na kumpeleka kwa mtu wa majani, atapishwe sumu kabla haijafika moyoni. Shangazi alikuwa katikati yao, anasikiliza huku, anasikiliza kule, ameshika mkono wa kaka yake.

Nitakuambia kitu ambacho baba yako hajui. Nilipokuwa pale mlangoni, nilianza kuwaza juu ya sufuria zangu. Labda mafuta yalikuwa mabaya. Labda sombe haikuiva, ikabaki na sumu yake. Labda mtu alitia kitu nilipogeuka. Nilijua sikufanya neno, na hata hivyo nilinusa mikono yangu. Watu wengi wakisema jambo kwa pamoja, mwili wako mwenyewe unaanza kuwaitikia. Nilikuwa sijui hilo hadi siku ile.

Ndipo alipoingia daktari. Alikuwa mwanamke, kijana, mjamzito wa kukaribia kabisa, amevaa sandali zilizofunguliwa kwa sababu miguu imevimba. Alimwangalia baba yako muda mrefu. Alimfungua macho kwa kidole. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akapumua, akashika shavu la mguu wake na kulibonyeza taratibu. Baba yako alipiga kelele, wodi nzima ikageuka.

"Nani anaishi naye?" daktari akauliza.

"Mimi ni dada yake," akasema shangazi.

"Nasikia, mama. Lakini anaishi na nani kila siku? Nani alimuona siku homa inaanza?"

Ndugu wote wakageuka. Yeye akafuata macho yao hadi mlangoni.

"Wewe mama, ingia."

Nikaingia. Aliniambia nikae kitandani upande wa pili, karibu na miguu ya mume wangu, mahali ambapo kwa siku mbili sikuruhusiwa kufika.

"Anafanya kazi gani?"

"Anachimba, Dokta. Salamabila."

"Shimo kavu ao iko na maji?"

"Maji hadi hapa," nikaonyesha kiunoni.

"Na panya?"

Nilimtazama nikidhani anacheka. Hakucheka. Nikamweleza yote: miti ya shimo, magunia, kidonda cha muundi. Akakifunua kidonda, akakiangalia. Aliuliza mkojo ulikuwaje. Nikasema tangu tulipokuwa njiani ni kidogo sana, mweusi kama chai iliyochemka sana.

"Iko mutu mwingine alipata hii ugonjwa?"

Shangazi akasema, "Iko mwenzake. Alikufa. Wote wawili walikuwa wanakula kwa huyu."

Daktari hakumtazama shangazi. Alinitazama mimi. "Wanakula kwako watu wangapi?"

"Wengi, Dokta. Siwahesabu. Wa mashimo yote ya pale."

"Na wewe unakula nini?"

"Chakula hicho hicho. Sufuria moja."

"Wengine waliokula, wako wagonjwa?"

"Hapana."

"Wote walioshuka kwenye lile shimo, ni nani na nani?"

"Mume wangu, Shabani, na mzee Kalonda wa motopompi."

"Huyo mzee, iko muzima?"

Nikakumbuka. Hadi leo nikilifikiria najisikia baridi. Mzee Kalonda alikuwa amelala na homa juma lile lile, akilalamika miguu, macho mekundu. Aliamka, akabaki amekonda. "Aliugua, Dokta. Sasa anatembea."

"Na yeye anakula kwako?"

"Hapana. Hajawahi. Mke wake anamuletea chakula kutoka nyumbani."

Daktari akakifunika kidonda taratibu, bila haraka. Alitaka, nafikiri, kila mmoja apate nafasi ya kulimeza neno lile. Halafu akawageukia ndugu wa baba yako.

"Waliokula kwa huyu mama ni wengi, na wako wazima. Walioingia kwenye maji ni watatu, na wote watatu wameugua, hata yule asiyekula kwake. Mimi siifikirii sufuria. Naifikiria ile maji."

Aliwaeleza kwamba panya wanabeba mdudu mdogo kwenye figo zao, asiyeonekana kwa macho, na wanamkojoa majini. Mtu mwenye kidonda, au maji yakimwingia machoni, mdudu anapita. Ugonjwa unaitwa leptospiroze. Unaanza kama malaria, ndiyo sababu unapita chini ya pua ya watu, na mtu anaweza kuwa na yote mawili pamoja.

Shangazi akauliza, "Umeona hayo kwenye damu yake?"

"Bado. Hapa hatuna mashini ya kuonyesha hiyo. Nitatuma damu mbali, na watapima pia homa ya manjano, kwa sababu inafanana na hii. Hata wao, damu ya siku za kwanza inaweza kuwaambia hakuna kitu, maana mwili haujaanza kuonyesha alama zake. Nitamutoa damu mara ya pili kabla hajatoka hospitali, walinganishe."

"Basi hujui."

"Sijui kabisa, mama."

"Kama hujui, kwa nini unataka kumutia sindano?"

Daktari akainuka, mkono mmoja kiunoni. "Kwa sababu nikingoja hadi nijue, nitajua akiwa amekwisha kufa."

Sijawahi kusikia mtu mwenye elimu akisema "sijui" kwa sauti iliyonyooka namna ile. Nilimwamini kwa neno hilo kuliko yote aliyosema kabla yake. Nadhani shangazi pia, kwa sababu aliwaambia kaka zake watoke nje, na wa kwenda kwa mtu wa majani aende mwenyewe.

Walimtia penisilini kwenye mshipa siku ile ile, na maji ya seromu, yale ya dripu, kwa kipimo. Kazi yetu sisi ilikuwa mkojo. Daktari alituachia chupa ya plastiki, akasema figo zake zimechoka, kila kinachotoka kikusanywe kionekane. Basi shangazi yako, mwanamke wa duka, anayevaa vitenge vya kupendeza, alikaa upande mmoja wa kitanda na mimi upande mwingine, tunalinda chupa. Siku ya kwanza yalitoka matone. Siku ya pili matone tena, na baba yako akawa anaongea na watu wasiokuwepo, anamwita Shabani ashuke polepole.

Siku iliyofuata, jua likiwa limepanda, alisema kwa sauti yake mwenyewe, "Feza, nibanike." Alitaka kusema nibebe, ulimi ulikuwa mzito. Tulimwinua wote wawili. Akakojoa, Aziza, akakojoa kama mbuzi, chupa ikafika nusu na zaidi, na mkojo ulikuwa umeanza kuwa na rangi ya mkojo. Shangazi aliinua chupa ile kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza huku na huku, machozi yanamtoka. Wagonjwa wengine walitucheka. Alipoiweka chini alimimina maji kwenye kikombe, akakishika kitambo, akaninyooshea.

"Mupe wewe," akasema. "Kwangu anakataa."

Hakuwa amekataa hata mara moja.

Baba yako alipona polepole. Damu ya pili ilitolewa, tukarudi hapa Kabambare, na miezi ikapita bila jibu. Mimi sikurudi Salamabila, na hapa pia maneno yalikuwa yamefika. Kulikuwa na nyumba ambazo hazikupokea hata mboga kutoka mkononi mwangu. Huenda unakumbuka tulivyokuwa tunakula peke yetu kwenye sikukuu.

Halafu siku moja ya soko, moto ilisimama hapa mbele na shangazi yako akashuka, vumbi hadi kwenye kope. Alikuwa amekuja mwenyewe kutoka Kasongo. Watu walikuwa wengi njiani. Hakuingia ndani. Aliomba kiti, akakaa uwanjani pale pale wote wanapomwona, akasema kwa sauti yake ya dukani:

"Majibu yametoka Kinshasa. Homa ya manjano haiko. Ni ile ya panya, kama Dokta alisema. Mama Aziza, nina njaa. Nipikie."

Nikapika. Wali ukaungua chini. Alikula wote, na ukoko wa chini akaukwangua, polepole, huku akisalimia wapita njia mmoja mmoja kwa majina yao. Hakuniomba msamaha siku hiyo wala siku nyingine. Kesho yake tulikwenda pamoja Lusangi, kwa mama yake Shabani. Shangazi ndiye aliyesema. Yule mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Basi hakuna mutu alimuchukia mutoto wangu?" Nikamwambia hapana, mama, walimpenda wote. Akanishika kichwa kama mtu anavyomshika mtoto anayelala, na tukalia hadi mvua ikatukuta nje.

Ndiyo maana nataka uingie kwa shangazi bila kinyongo. Alimpenda kaka yake, na woga wake ulitafuta mahali pa kukaa, ukanikuta mimi. Anakusubiri. Ni yeye aliyesema chumba chako kwake kipo, ni yeye aliyekuita.

Huko shuleni watakufundisha homa, macho mekundu, maumivu ya mashavu ya miguu, manjano, mkojo unaokatika. Utayajua kwa majina yao ya Kifaransa. Mimi nakuomba tu, kipimo cha malaria kikisema ndiyo, usiache kuuliza. Uliza mtu amesimama kwenye maji gani. Mguse miguu. Na mgonjwa wa namna hiyo akiletwa, tazama ni nani ameachwa mlangoni bila kiti. Inaweza kuwa mke, mama wa kambo, bibi mzee wa jirani. Mwite aingie, umuulize aliyoyaona. Maisha yake pia yako mkononi mwako siku hiyo, hata kama hana homa.

Na kuna siku utakosea, mwanangu. Utampa mtu dawa ya malaria, umwambie aende nyumbani, na hatarudi. Yule muganga wa Salamabila nilikutana naye baadaye sokoni hapa Kabambare, akanishika mkono asiuachie, na nilijua anamfikiria Shabani, ambaye hakumwona kabisa, na wengine ambao aliwaona. Siku hiyo ikikufika usijifungie chumbani kwa shangazi na kusema unaumwa kichwa. Panda moto uje. Hata kama ni katikati ya masomo, hata kama barabara ni matope tupu. Hutahitaji kunieleza kitu. Nitakupashia maji ya kuoga, nitakutandikia karibu yangu, na utalala hadi utakapoamka mwenyewe.

Ni mimi mama yako, niliyekuita mwanangu kabla hatujakutafutia jina,

Feza